Mrejesho: Mama na tiba ya kinyesi

Wakuu, nilileta swali la mama yangu aliyeko Uingereza: kuhara kwa bakteria wa Clostridioides difficile kulirudi kila akimaliza dozi ya vankomaisini (antibayotiki), na madaktari wakataka kumwekea kinyesi cha mtu mwingine. Wengi mlicheka, wachache mlijibu kwa maana. Ahsanteni.

Amefanyiwa. Mpira mwembamba ulipitishwa puani hadi utumbo mdogo, nesi akasukuma taratibu kwa bomba la sindano maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mama anasema hakusikia harufu wala ladha. Kilichomkera ni ule mpira kooni. Kuhara kumekata, na wali sasa anaugombania.

Aliyetaka ushahidi: utafiti wa Amsterdam uliochapishwa 2013 ulisitishwa mapema kwa jinsi tofauti ilivyokuwa kubwa. Wagonjwa 13 kati ya 16 walipona kwa dozi ya kwanza ya kinyesi. Kwa vankomaisini pekee, 4 kati ya 13.

Ila msijaribu nyumbani jamani. Mwaka 2019 Marekani ilitangaza kifo cha mgonjwa aliyepata bakteria wa E. koli sugu kwa dawa kutoka kwa mchangiaji ambaye kinyesi chake hakikupimwa vimelea hivyo. Mchangiaji wa mama hatumjui, na bibi kule Tanga ameambiwa tu ni dawa ya maji.