Wanyama wakali wakirudishwa porini, hawa wengine inakuwaje?

Mkulima_Langobaya
Salaam wana jukwaa. Niko Langobaya huku Malindi, Tsavo East si mbali, na nyani na ngiri wametumalizia mahindi. Kuna mzee hapa kila siku anasema ni kwa vile chui wamepungua, zamani nyani walikua na adabu. Sasa naomba kuuliza, mnyama mkali akirudishwa pale alipokwisha ni kweli hawa wengine wanapungua ama ni kuongeza shida tu mbuzi nao waliwe?

BintiShela
Mzee wako kasema kweli kaka. Ghana simba na chui walipopungua, nyani ndio waliozidi, wakavamia mashamba mpaka watoto wakawa hawaendi shule wanalinda shamba. Mkubwa akitoka wa kati anatamba.
Lakini kumrudisha si kama kuwasha taa. Hifadhi ya Yellowstone kule Marekani mbwa mwitu walimalizwa miaka ya 1920, wakaletwa wengine 31 kutoka Kanada 1995 na 1996. Elki, wale paa wakubwa wa huko, walipungua sana, lakini dubu na wawindaji nao walichangia. Mizoga ikalisha kunguru na tai. Miti ya kando ya mito, kuna mahali imerudi na kuna mahali mpaka leo haijarudi, maana mto ulishachimbika ukaenda chini, maji hayaifikii mizizi.

Kaka_wa_Pori
Na msihesabu wanaoliwa peke yake, woga pia unafanya kazi kubwa!! Hifadhi ya Gorongosa, Msumbiji, vita viliisha 1992 na chui walikua wamekwisha, mbawala ambaye kawaida hujificha vichakani akatoka zake mbugani peupe anakula atakavyo. Watafiti wakaweka spika zenye sauti ya chui, mbawala haoo wakarudi vichakani, na wakati huo hakukuwa na chui hata mmoja hapo. Wanyama wakali wakaanza kurudishwa, mbwa mwitu wa Afrika 14 wakaletwa 2018.

Mvuvi_Malindi
Mimi nasema ya baharini, ndiyo niyajuayo. Wale nungu wa bahari wenye miiba wamejaa kwenye miamba inayovuliwa kila siku, na anayewamaliza ni samaki aitwaye kikande, na kikande sisi wenyewe tunamvua. Ana meno yule, anamng'oa nungu, anamgeuza tumbo juu kule miiba ni mifupi, anamtoboa. Asipokuwepo nungu wanakwangua mwamba usiku kucha, matumbawe yanaliwa yanabaki mawe. Ndani ya hifadhi ya Malindi, iliyotengwa tangu 1968, nungu ni wachache kwa sababu kikande yuko. Lakini ukifunga sehemu mpya leo usitegemee mwakani, kikande anachukua miaka mingi kurudi, na wavuvi wenzangu wanaoambiwa wangoje wanakula nini miaka yote hiyo? Hilo lijibiwe kwanza.

Mkulima_Langobaya
Nimeelewa, shukran sana. Sasa kwa mbuzi? Zizi langu ni la miiba, juu wazi.

Kaka_wa_Pori
Hapo juu ndipo chui atakapopita ndugu yangu, anaruka yule. Funika kwa waya wa wavu, mlango uwe mgumu usiwe tawi la kusukuma, na jioni mbuzi waingie mapema. Hata asiporudishwa chui yeyote fanya hivyo wiki hii, wachache waliobaki bado wanapita huko.