Nimepunguzwa kazi kiwandani hapa Mwanza, hela ya NSSF niitoe au niiache?

Wa Igoma
Habari zenu wakuu. Nilikuwa kiwanda cha samaki miaka 11, sasa sangara wamepungua tumepunguzwa kazi na mkataba unaisha mwisho wa mwezi. Umri wangu 38. Shemeji ana mtaji wake wa dagaa pale Mwaloni Kirumba ananiambia nikaombe michango yangu yote NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii tunaokatwa kwenye mshahara, tuweke kwenye mzigo, mke wangu hataki kabisa. Naombeni ushauri kwa mwenye uelewa maana hapa nyumbani hatulali.

Mama Nyakato
Pole sana kaka. Kwanza tenganisha hela mbili, watu wengi wanazichanganya. Kuna kiinua mgongo ambacho analipa mwajiri, kwa sheria ya ajira ya 2004 ni siku 7 za mshahara kwa kila mwaka uliomaliza ila mwisho miaka 10, kwa hiyo wewe ni siku 70, hiyo ukiipata ni yako uifanyie utakacho. NSSF ni kitu kingine. Michango yako ya miaka 11 ni miezi 132 kama yote ilipelekwa, na pensheni ya uzeeni inataka miezi 180. Umebakiza miezi 48 tu jamani, ukiitoa leo hiyo 132 imeenda na maji.

Wa Igoma
Asante dada, hiyo ya 180 sikuijua. Sasa miezi hii ambayo sina kazi nitakula nini?

Fundi wa Nyegezi
Mkuu kuna fao la kukosa ajira, kwa kuwa wewe umepunguzwa, hukuacha kazi mwenyewe, na una zaidi ya miezi 18 ya michango. Ni theluthi moja ya mshahara kila mwezi, haizidi miezi sita. Sasa hapo kwenye karatasi uwe makini, barua iandikwe umepunguzwa, usikubali kusaini barua ya kujiuzulu hata wakikubembeleza kwamba ndio utaratibu, maana ukisaini fao limekwenda na kiinua mgongo kinakuwa na utata. Wakikuzungusha nenda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, una siku 30 tu tangu kuachishwa.

Halafu kabla hujakabidhi kitambulisho cha kazi pita ofisi ya NSSF uombe taarifa ya michango mwezi kwa mwezi, linganisha na hati za mshahara. Mimi kwa mwajiri wangu wa zamani makato yalikuwa yanaonekana kwenye mshahara lakini kwenye mfuko kuna miezi haikufika kabisa, nilifuatilia nikiwa bado ndani ndio ikapelekwa, ukishatoka nje kumpata mtu wa kukusikiliza ni kazi.

Mama Nyakato
Fundi umesema kweli kabisa. Na kaka ukipata kazi nyingine namba yako ya uanachama ni ileile, wanaendelea kuchangia humohumo. Ukijiajiri pia unaweza kujichangia mwenyewe. Kwa shemeji, kwangu mimi weka sehemu ya kiinua mgongo tu, si chote, nyingine peleka UTT, wale wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ununue vipande vya mfuko wa Ukwasi, ukibanwa unauza vipande unapata hela yako. Dagaa mvua ikinyesha wakiwa hawajakauka mzigo unaharibika, nimefanya biashara hiyo najua.

Wa Igoma
Kesho asubuhi napita NSSF kuchukua hiyo taarifa, nikishaiona narudi hapa niwaambie kama miezi imetimia.