Ulinganisho: njia za kupunguza uchungu wa kujifungua huku mama akiwa macho

MamaKijacho
Wapendwa, nimebakiza wiki chache kujifungua mtoto wangu wa kwanza, na nimeshauriwa nifikirie mapema namna ya kupunguziwa uchungu. Sharti langu ni kuwa macho, nimsikie mtoto akilia na nielewe kila ninachoelezwa. Nimetajiwa epidurali, gesi ya kuvuta na sindano ya pethidini. Naomba wenye ujuzi wanilinganishie.

MtaalamuWaGanzi
Dada, njia zote tatu zitakuacha na fahamu, lakini hazifanyi kazi mahali pamoja. Epidurali huuzuia uchungu kwenye neva zinazoingia katika uti wa mgongo, kabla haujafika kwenye ubongo, na ndiyo maana akili hubaki timamu. Daktari huchoma sindano kiunoni na kuacha mrija mwembamba nje ya utando unaozunguka uti wa mgongo. Kisha dawa, mara nyingi bupivakaini (dawa ya ganzi) hafifu iliyochanganywa na fentanili (dawa kali ya kutuliza maumivu) kidogo, huongezwa kadiri uchungu unavyoendelea. Nafuu huja baada ya dakika 10 hadi 20, na kwa nguvu ya kutuliza, hakuna inayoifikia kati ya hizo ulizozitaja.

Hata hivyo, shinikizo la damu linaweza kushuka, kwa hiyo hupimwa mara kwa mara. Miguu huweza kuwa mizito, huenda ukawekewa mrija wa mkojo, na hatua ya kusukuma huelekea kurefuka. Takriban mama 1 kati ya 100 hupata maumivu makali ya kichwa kwa sababu utando ule ulitobolewa bila kukusudiwa, nayo yana tiba. Wengi huogopa kwamba epidurali humsukuma mama kwenye upasuaji, lakini tafiti zilizowalinganisha waliopewa na wasiopewa hazikuthibitisha hofu hiyo. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye maambukizi mahali pa kuchomwa, huenda asifae kabisa. Mweleze daktari mapema.

MamaWawili
Mimi nilitumia gesi mara zote mbili na ningeichagua tena. Uchungu haukuisha, ila ulisogea mbali kidogo, na nilibaki na uhuru wa kusimama na kubadili mkao. Siri yake ni wakati: anza kuvuta mara tu tumbo linapoanza kukaza, kwa sababu inahitaji karibu nusu dakika au zaidi kufanya kazi, ukingoja hadi uchungu ufike kileleni, utakuwa umechelewa. Nafikiri kila mama ingemtosha.

MkungaMwandamizi
Mama Wawili, kuhusu wakati wa kuvuta umesema kweli tupu, lakini siwezi kukubali kwamba ingemtosha kila mama. Nimewahudumia waliotulia nayo hadi mwisho, na wengine waliopata kizunguzungu na kichefuchefu wakaikataa mapema. Mchanganyiko wake ni nusu nitrasi oksaidi na nusu oksijeni, na hutoka mwilini kwa dakika chache baada ya kuacha kuvuta. Mama ndiye anayepaswa kushika barakoa mwenyewe, si mume wala dada yake, ili akilegea kwa usingizi mkono uanguke na gesi ikome.

Pethidini ndiyo inayonipa wasiwasi kwa sharti lako, dada. Hutia usingizi zaidi kuliko inavyoondoa uchungu, kwa hiyo utakuwa na fahamu lakini iliyofifia. Tena hupita kwenye kondo. Mtoto akizaliwa saa chache baada ya sindano, anaweza kupumua kwa udhaifu na kuchelewa kushika titi.

Na usione haya kutaka kuwa macho na kutulizwa pia. Mwaka 1853 Malkia Victoria wa Uingereza alijifungua akipewa klorofomu kidogo kidogo juu ya leso na daktari John Snow, bila kupoteza fahamu. Leo tunazo njia salama kuliko hiyo.

MamaKijacho
Asanteni sana. Je, naweza kuanza na gesi, kisha nikaomba epidurali? Na ikitokea upasuaji wa dharura, nitalazwa usingizi?

MtaalamuWaGanzi
Kuanza na gesi ni mpango mzuri. Omba epidurali ungali na uwezo wa kukaa bila kutikisika katikati ya uchungu, wala usikubali kuambiwa kwamba ni lazima njia ifunguke kiasi fulani kwanza.

Upasuaji ukihitajika na mrija wa epidurali umeshawekwa, dawa yenye nguvu zaidi hupitishwa humo humo; kama haupo, mara nyingi huchomwa ganzi ya uti wa mgongo, ambayo hushika kwa dakika chache. Usingizi kamili hubaki kwa dharura isiyosubiri au pale ganzi inaposhindikana. Ukiwa macho mezani utahisi kuguswa na kuvutwa, na hilo ni la kawaida. Maumivu si ya kawaida: ukiyahisi, sema papo hapo, nasi tutasimama na kuongeza dawa.