Mgodi unabadilisha kituo cha pampu, wanasema ni matengenezo tu. Tusaini?

mjumbe_chunya
Habarini wakuu. Niko Chunya, ni mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji. Mgodi wa jirani unataka kung'oa kituo chake cha zamani cha pampu za dizeli, zile zinazotoa maji chini ya mgodi na kuyamwaga korongoni, wajenge kingine cha umeme huku chini karibu na mto. Afisa wao kaja mkutanoni anasema hapa tunabadilisha mashine tu, sio mradi mpya, kwa hiyo hakuna cha tathmini, tusaini muhtasari. Mwenyekiti kalamu ilishakuwa mkononi, akina mama wakagoma, wanasema kiangazi kilichopita visima vilishuka mpaka kamba zikaungwa. Mi sio msomi wa haya mambo, naomba kujua tuulize nini.

jiwe_gumu
Msisaini kwanza mkuu. Waulizeni pampu za zamani zinavuta lita ngapi kwa sekunde na hizo mpya zitavuta ngapi. Kama ni zilezile na sehemu ni ileile, sawa, anaweza kuita matengenezo. Ila kituo kimehamishwa, na mtu hatoi hela kununua pampu mpya ili avute maji yaleyale, nia ni kushuka chini zaidi kufuata mwamba wenye madini. Ukikausha duara (shimo la kuchimbia) ukashuka, maji ya pembeni yote yanakimbilia kwako, ndo visima vya watu vinakauka na mvua ilinyesha vizuri tu.

Pili, mgodi una cheti cha mazingira na kina masharti yake. Ukibadilisha mradi unarudi NEMC, wale wasimamizi wa mazingira wa taifa, wao ndo wanaamua ni TAM kamili (tathmini ya athari kwa mazingira) au andiko dogo, sio afisa wa mgodi aamulie kwenye mkutano wa kijiji. Halafu ombeni kuona kibali cha kutumia maji na cha kutiririsha kutoka Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Rukwa, ofisi iko hapo Mbeya. Na "karibu na mto" ni mita ngapi? Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

kijana_wa_Makongolosi
Mnapenda sana kukwamisha mambo nyie. Umeme si ndo bora kuliko dizeli? Watu tunasubiri ajira hapa.

fundi_mwanjelwa
@kijana_wa_Makongolosi umeme ni bora kweli, hapo nakuunga mkono, kelele zinapungua na mapipa ya mafuta hayakai tena kando ya korongo. Lakini mimi nimefanya kazi kwenye pampu na ninachoogopa ni zile wiki za kuhama, ya zamani imezimwa mpya haijakaa sawa. Maji yanapanda ndani ya mgodi, yanaosha kuta zenye paraiti (yale madini ya njano yanayong'aa yanayodanganya wageni), na kuta zikishapata hewa kisha maji unapata tindikali inayobeba vyuma. Uingereza kuna mgodi wa bati unaitwa Wheal Jane, pampu zilizimwa 1991, Januari 1992 maji yakapasuka nje, mto ukawa rangi ya chungwa hadi baharini. Kwa hiyo andikeni kwenye muhtasari kwamba ya zamani haizimwi mpaka mpya imejaribiwa na inafanya kazi, na jenereta ya akiba iwepo maana umeme wetu mnaujua.

Pia muulize vyuma chakavu vinaenda wapi. Udongo uliolowa dizeli miaka yote hiyo, transfoma kuukuu ambayo mafuta yake yanaweza kuwa na sumu, paa kama ni asbesto. Hivyo havifukiwi shimoni usiku.

dada_wa_maji
Naongezea kitu mnachoweza kuanza wenyewe kesho. Chagueni visima kadhaa, vya karibu na mgodi na kimoja cha mbali kabisa cha kulinganishia. Alfajiri kabla watu hawajachota, shusha kamba yenye jiwe mpaka liguse maji, shika kamba pale kwenye mdomo wa kisima, ipime kwa futi ya fundi, andika kwenye daftari na tarehe, piga picha. Kila wiki, kisima kilekile, mdomo uleule. Mkianza baada ya pampu kuwashwa hamna kesi, watasema vilikuwa hivyohivyo.

Maji ya korongoni pelekeni maabara ya maji Mbeya, waombeni wapime tindikali, chuma, aseniki na zebaki. Pimeni kiangazi na masika pia, mvua za kwanza za Novemba zinakomba marudio yote (mchanga uliobaki baada ya kuchenjua) ya wachimbaji wadogo na mgodi utasema zebaki sio ya kwao, na kwa hilo wanaweza kuwa sahihi, ndo maana mnapima juu ya mgodi na chini yake. Sehemu kubwa ya maji ya Chunya inaishia Ziwa Rukwa na lile ziwa halina mto unaotoka, kikiingia kimeingia.

mjumbe_chunya
Asanteni sana wakuu. Hilo la kamba nimeshawaambia akina mama, wanacheka wanasema kamba wanazo. Mwenyekiti anauliza, maabara analipa nani?

jiwe_gumu
Mgodi. Wao ndo wanaotaka sahihi yenu. Ila mbebaji wa chupa awe mtu wenu, na zijazwe mbele ya mtendaji.

kijana_wa_Makongolosi
Basi mkipima muwahi, masika haiko mbali.