Naomba msaada: ua la manjano kwenye ploti yetu Mtongwe, ni la kienyeji au la kuletwa?

BintiMtongwe

Assalam alaykum wapendwa. Naombeni mnisaidie kabla ya Jumamosi.

Kijana wangu yuko Gredi ya 5. Mwalimu wao amewataka wapeleke mimea mitatu ya kienyeji, waikaushe, waibandike kwenye karatasi na waandike majina yake. Amesisitiza iwe ya kienyeji, si ya kuletwa. Miwili tumeshapata, jani la mwarobaini na jani la mkoko. Wa tatu mwenyewe amekwenda kuuchuma nyuma ya nyumba. Ni ua la manjano lililojaa pale tangu masika yaanze, na hapo ndipo tulipokwama, maana hakuna anayelijua.

Picha zangu zimetoka na ukungu, kwa hivyo naeleza kwa maneno. Mmea umesimama wima, umemfika mtoto kifuani. Shina ni jembamba na laini, halina miiba. Juu limegawanyika vijitawi, na kila kijitawi kina ua dogo lenye upana wa ukucha wa kidole gumba. Majani ya chini ni marefu na membamba, mengine yana vipembe viwili vitatu ubavuni. Saa tatu asubuhi maua yote huwa wazi. Mtu akirudi kutoka sala ya adhuhuri anayakuta yamejifunga kama hayajawahi kufunguka. Yakizeeka yanatoa pamba nyeupe, na upepo wa kusi unaileta mpaka kwenye nguo nilizoanika.

Jambo jingine, alipolivunja lilitoa maziwa. Akajifuta kwenye shati la shule, na yale maziwa yakageuka madoa ya kahawia ambayo hadi leo nayasugua.

Programu ya simu imeniambia ni ua la Ulaya liitwalo dandelion. Jirani anasema ni magugu tu, nisijisumbue. Na shemeji yangu anakuja Jumamosi na jembe kuifyeka ploti yote ajenge banda la kuku. Sitaki mtoto apeleke jina la uongo, na wallahi ua lenyewe limeniingia moyoni. Ni ua gani hili?

MpandaMauaNyali

Hiyo dada ni Tridax. Imejaa kila kona ya Mombasa, hata kwenye nyufa za simiti. Asili yake ni Amerika, Kati na Kusini, kwa hivyo haimfai mtoto. Tafuteni nyingine.

MwalimuWaBiolojia

Ndugu yangu, tusimharakishe. Tridax hutambaa, kisha huinua kikonyo kimoja kirefu chenye ua moja juu. Katikati ni manjano, lakini pembeni kuna vijipetali vichache, aghalabu vitano, vyeupe kama malai, na kila kimoja kina meno matatu kwenye ncha. Majani yake yana manyoya ya kukwaruza. Na ukiivunja haitoi maziwa. Dada ametuambia mmea umesimama, una matawi, una maziwa. Huo ni mmea mwingine, japo yote miwili ni jamii ya alizeti.

Dada, kesho asubuhi kabla maua hayajajifunga, chuma moja ulipasue kwa kucha juu ya karatasi nyeupe. Angalia kama katikati pana kile kitu cha duara kama cha alizeti, ama ni vijipetali vitupu mpaka ndani. Chukua kijipetali kimoja uhesabu meno ya ncha yake. Kama una miwani ya kusomea, itumie kama kioo cha kukuzia.

Halafu pole kwa hili: mwarobaini utoe kwenye orodha. Tumeuzoea hata tukaupa jina letu, lakini asili yake ni Bara Hindi na nchi zilizo jirani nayo. Mkoko uko sawa. Badala ya mwarobaini chukueni jani la mbuyu, huo ni wetu bila shaka yoyote.

BintiMtongwe

Mwarobaini si wetu! Nyanyangu aliupanda mlangoni, mamangu akatuogeshea majani yake tulipougua surua, na mimi miaka yote hii najua ni mti wa Pwani. Haya, nimekuelewa mwalimu, tutaenda kuchukua mbuyu. Hilo la miwani nalifanya kesho inshallah.

MjukuuWaKwale

Mimi nimesoma nikacheka peke yangu kwenye matatu. Dada, huo ni mchunga. Kwetu Udigoni twauita mutsunga. Huo huo wa mboga.

BintiMtongwe

Mchunga huu ninaoununua Kongowea kwa mafungu? Mbona sijawahi kuuona na ua hata siku moja?

MjukuuWaKwale

Kwa sababu wanaochuma huuwahi. Mchunga unachumwa ukiwa mchanga, majani laini, kabla haujarefuka. Ukishatoa ua uchungu unazidi, hata ukichemsha maji mawili bado utaushika ulimi. Kwa hivyo mtu wa mjini hukutana na majani sokoni, basi. Sisi tuliokulia shamba tunalijua ua lake maana ndilo lililokuwa likituambia tumechelewa.

Nyanyangu alikuwa haupiki peke yake. Huuchemsha kidogo, humwaga yale maji ya kwanza, halafu huuchanganya na mchicha mara mbili ya mchunga, kitunguu, nyanya, na tui zito la nazi mwishoni. Uchungu hauishi wote, na haitakiwi uishe. Pale kwenye wari, yaani ugali, ule uchungu kidogo ndio mboga yenyewe.

MwalimuWaBiolojia

Nami nilikuwa naelekea huko huko, ila nasubiri matokeo ya miwani.

BintiMtongwe

Nimeamka mapema. Haya ndiyo niliyoyaona, na nimeita watoto wote waje waone.

Katikati hakuna duara. Ni vijipetali vitupu, vya nje virefu, vya ndani vifupi, nilihesabu nikachoka. Ncha ya kila kimoja imekatwa mraba na ina meno madogo matano. Matano, nimehesabu kwenye vijipetali sita tofauti. Na kila kijipetali kina uzi wake mwembamba unaosimama katikati, juu umegawanyika mara mbili ukajikunja kama pembe za mwanambuzi. Chini yake kuna manyoya meupe, na chini ya manyoya kuna kitu kidogo kama punje ya ufuta isiyokomaa. Kila kimoja! Nilidhani ua lina uzi mmoja katikati.

MwalimuWaBiolojia

Hongera. Hilo uliloliona kuna wanafunzi wa chuo hawajawahi kuliangalia.

Ulichokiita ua ni kichwa chenye maua mengi madogo yaliyokaa pamoja. Kila kijipetali ni ua kamili. Ule uzi uliogawanyika ni sehemu ya kike inayopokea chavua, ile punje ndiyo itakayokuwa mbegu, na manyoya ndiyo ile pamba inayotua kwenye nguo zako ikiisafirisha mbegu. Alizeti ni hivyo hivyo, ila yenyewe ina maua ya aina mbili, ya duara katikati na yale mapana ya pembeni. Kundi la mmea wako lina aina moja tu, bapa kama utepe, lenye meno matano kwenye ncha, kwa sababu ni petali tano zilizoungana. Na kundi hilo lote lina utomvu mweupe. Saladi tunayokula na nyanya imo humo humo, iache itoe ua utaona ndugu wa ua lako.

Dandelion nayo ni ya kundi hilo, ndiyo maana simu ilichanganyikiwa. Lakini dandelion majani yake yote yamelala chini kwa duara, na kila ua lina bomba lake moja tupu lisilo na jani wala tawi. Wako una shina lenye matawi.

Jina la kitaalamu la mchunga ni Launaea cornuta. Neno la pili ni la Kilatini, maana yake "yenye pembe". Vile vipembe ulivyovitaja siku ya kwanza vilinifanya nikae vizuri kwenye kiti. Nao ni wa kienyeji hasa, mmea wa Afrika, upo Kenya, Uganda na Tanzania hadi Malawi, Zimbabwe na Msumbiji.

ShambaBoyKisauni

Samahani mwalimu, sipingi, lakini kuna Sonchus oleraceus nayo ina ua la manjano, ina maziwa, imesimama. Watu kibao wanaiita mchunga vilevile. Hiyo asili yake ni Ulaya na pande za Mediterania. Akipeleka hiyo atakuwa amekosea.

MwalimuWaBiolojia

Swali zuri, na nakushukuru. Sonchus ina majani mapana na laini, kingo zake zina meno mengi yanayochomachoma kidogo, na jani hulikumbatia shina kwa masikio mawili. Ya dada ni membamba, kingo karibu tupu. Lakini ushahidi mkubwa uko chini. Sonchus ni ya msimu mmoja, ina mzizi mkuu mmoja unaoshuka wima. Mchunga unaishi miaka, na chini una mizizi inayotambaa kuchipuza mimea mingine. Dada, chimba mmoja taratibu kwa kijiti, usiuvute.

AtienoWaChangamwe

Mimi ni wa Kisumu nimeolewa huku. Kwetu mboga hii tunaiita achak, na chak kwa Kijaluo ni maziwa. Nilipofika Pwani nikaikuta sokoni kwa jina jingine, nilifurahi kama nimekutana na mtu wa nyumbani.

TibaAsili001

Mchunga ni dawa. Kunywa maji yake kila asubuhi, sukari inakwisha, hata vidonge utaacha.

MuuguziWaPwani

Ndugu, hapo kwenye kuacha vidonge naomba tusiwapotoshe watu. Ni kweli wazee wa Pwani huutumia kwa homa na tumbo, na siudharau ujuzi wao. Lakini mgonjwa wa sukari akiacha dawa aliyoandikiwa anaweza kulazwa wiki hiyo hiyo. Mchunga ale kama mboga, dawa aendelee nayo, na amwambie daktari wake kila anachokunywa.

Na dada, hata ukishalijua jina, usianze kupika wa kwenye ploti mpaka mtu mwenye kuuchuma kila siku auone kwa macho. Wala usichume ulio karibu na mtaro wa maji machafu au palipopulizwa dawa.

MpandaMauaNyali

Nakiri nilikosea kuhusu Tridax. Nilisoma "manjano" nikarukia jibu.

Nisaidie kwa ninachokijua, kukausha. Hewa yetu ya Mombasa ina unyevu mwingi, mmea ukiuacha kwenye kitabu siku nne unaota ukungu. Utandaze kati ya magazeti, jani moja uligeuze mgongo ili pande zote mbili zionekane, weka ubao juu na jiwe zito. Badilisha magazeti kila siku, wiki ya kwanza usikose hata siku moja. Yale yaliyotoka anika juani yatumike tena. Mkoko jani lake ni nene, hilo litachukua muda zaidi. Mchunga chuma wenye vitumba, maua yaliyofunguka na pamba, vyote kwenye tawi moja kama utapata. Chuma asubuhi, adhuhuri utakausha vitumba vitupu.

ShambaBoyKisauni

Kuhusu jembe la shemeji: kama ni mchunga kweli, akilima ovyo anaukata mzizi vipande, na kila kipande kitachipua. Mimi nilifanya hivyo kwenye mahindi, msimu uliofuata nilikuwa na mchunga kuliko mahindi. Mwambie aache ukanda mmoja wa mboga, sehemu ya banda achimbe na kuokota mizizi yote. Na kama kuna sungura mtaani, wape, wanaupenda sana.

BintiMtongwe

Nimerudi na majibu, leo Ijumaa.

Nilichimba kwa mwiko. Mzizi ulishuka kidogo kisha ukapinda, ukaenda ubavuni mweupe kama kamba ya kuanikia nguo, nikaufuata kwa vidole karibu mkono mzima mpaka nikatokea kwenye mmea mwingine. Huko kwingine nao umeendelea. Nilipoukwaruza ulitoa maziwa yale yale.

Nikavuka feri na tawi langu ndani ya mfuko, mpaka Kongowea kwa mama ninayenunua mboga kwake siku zote. Sikumwambia kitu, nililiweka tu kando ya mafungu yake. Akalichukua, akavunja kipande cha jani, akakitafuna, akaniuliza, "Huu umeuacha ukazeeka kwa nini?" Kisha akachambua fungu lake akanionyesha jani lenye vipembe vile vile. Amesema nichume vichipukizi vya chini, vile vilivyo juu nisihangaike navyo.

Shemeji amekubali kuacha ukanda wa ukutani. Kwanza alikataa, nikamwambia mboga ya bure hiyo, akanyamaza.

Mtoto ameandika hivi kwenye karatasi, na mwandiko ni wake: "Jina: mchunga. Kidigo: mutsunga. Kitaalamu: Launaea cornuta. Jamii ya alizeti. Umechumwa Mtongwe, Likoni, nyuma ya nyumba yetu. Rangi ya ua: manjano. Urefu: mpaka kifuani mwangu."

Kuna la kuongeza?

MwalimuWaBiolojia

Aweke tarehe aliyouchuma. Aandike pia yale ambayo karatasi haitayaonyesha ukishakauka: kwamba ukivunjwa unatoa maziwa meupe yanayogeuka kahawia, kwamba mzizi unatambaa, na kwamba ua hufunguka asubuhi na kujifunga adhuhuri. Ile manjano itafifia, kwa hivyo aliloandika kuhusu rangi asilifute.