Mustang ya 1968: tubaki na silinda sita, tuweke V8 ya 5.0, au Coyote?

MtuWaPwani_Ohio
Wakuu, habari za siku. Wengine mnalikumbuka gari hili tangu 2013, nilipolikokota kutoka banda la mzee mmoja hapa Ohio. Mwezi uliopita bodi imemaliza rangi.

Majira matatu ya baridi yaliishia kwenye boksi la hewa chini ya kioo cha mbele. Anayetaka kununua Mustang ya 1965 hadi 1968 amwage ndoo ya maji kwenye yale matundu, kisha amulike tochi chini ya dashibodi. Kwangu maji yalichuruzika mpaka kwenye zulia. Nilitoboa nukta za kuchomelea moja moja, nikafunua bati la juu, nikaweka la chini jipya, nikafunika tena.

Sasa nimefika kwenye injini. Namba ya chesisi ina herufi T, yaani ilizaliwa na silinda sita ya inchi za ujazo 200, nguvu farasi 115. Nimegawanyika: niifanyie oveholi hiyohiyo, nitafute V8 ya lita 5.0 iliyotoka kwenye Ford Explorer, au nijitose kwenye Coyote, ile V8 ya kisasa ya Ford? Bajeti ya injini na gia boksi ni dola 7,000. Binti yangu alikuwa na miaka mitano tulipoanza, yeye ndiye alikuwa anapanga boliti kwenye makopo ya maziwa. Sasa anajifunza kuendesha. Nataka aliendeshe hili, si lile atakalorithi nikishazeeka.

Mzee_wa_Spana (Houston)
Hongera sana kwa bodi, kaka. Mimi nina Coyote kwenye ya 1967, kwa hiyo nasema nilichokipitia. Injini ni tamu mno. Ilipotoka kwenye Mustang GT ya 2011 ilikuwa na farasi 412, na asubuhi ya baridi inawaka kama gari la juzi.

Ila ni pana. Ina kamshafti nne, mbili kila upande, na hedi zinakwenda kugonga minara ya shokapu. Gari lako halina chesisi ya kujitegemea, na springi za mbele zinakaa juu ya mkono wa juu, zikiegemea ile minara. Ukiikata, umeondoa kinachobeba pua ya gari, kwa hiyo unanunua sasipensheni nzima ya mbele. Baada ya hapo kuna waya, kompyuta, na pampu ya presha kubwa ndani ya tangi, na tangi lenyewe ndilo sakafu ya buti. Langu lilikaa juu ya stendi miaka miwili. Sijutii hata siku moja, ila mimi sikuwa na mtoto anayesubiri usukani. Na kwa dola 7,000 utaishia kwenye injini na gia boksi, ukibahatika.

Dada_Difu (Minneapolis)
Naunga mkono 5.0 ya Explorer, za 1996 hadi 2001. Mfumo wake wa mbele, pampu ya maji na pulei, ni mfupi, unakaa vizuri kwenye boneti ya Mustang ya zamani. Kamshafti ina tapeti za rola, kwa hiyo huhangaiki na oili yenye zinki nyingi kama injini za zamani. Na kwenye yadi za skrepa bado zipo.

Lakini kaka, nisikilize hapa. Mimi nilifunga flaiwili ya 302, V8 ya zamani ya Ford ya inchi za ujazo 302, kwenye block ya 5.0. Injini za zamani zimesawazishwa kwa wakia 28, hizi za baadaye ni wakia 50. Gari lilitetemeka mpaka kioo cha ndani kikawa hakionyeshi kitu. Nilidhani ni maunti, nikabadilisha maunti. Nikadhani ni klachi, nikashusha gia boksi. Ni mara ya tatu ndipo nikaligundua kosa, na lilikuwa langu mwenyewe. Flaiwili na pulei ya krankshafti, zote mbili ziwe za wakia 50.

Mpangilio wa kuwaka nao umebadilika. 302 ya zamani ni 1-5-4-2-6-3-7-8, hii ni 1-3-7-2-6-5-4-8. Ukifuata kitabu cha gari lako cha 1968 itakohoa na kupiga risasi kwenye kabureta.

Bakuli la oili ubadilishe pamoja na bomba lake la kunyonyea, maana la kwako linatakiwa liwe na kina upande wa mbele. Kava la taimingi la Explorer halina nafasi ya pampu ya mafuta ya kizamani. Weka ya umeme au tafuta kava jingine. Na hedi za kuanzia 1997 plagi zake zimelala kivingine, manifoldi nyingi za mabomba zinazigusa. Pima kwanza.

Sita_Inatosha
Mbona hakuna anayeitetea sita? Ile 200 ina beringi saba za krankshafti. Ni injini ngumu kufa, na nafasi ya kuifikia ni kubwa. Mtoto anaweza kubadilisha plagi bila kuchubuka. Kweli manifoldi ya kuingizia hewa imemiminwa pamoja na hedi, kwa hiyo kuiongezea nguvu ni kazi. Lakini binti anajifunza kuendesha, hashindani.

Mpemba_Toronto
Assalaam alaykum. Mnazungumzia injini tu. Gari la T lina nati nne kwenye gurudumu, breki ndogo za drum, na difu (gia za ekseli ya nyuma) ya inchi 7.25. Mustang za V8 zina nati tano na difu ya inchi 8 au 9. Ukiweka 5.0 kwa difu ile, itavunjika, na kabla haijavunjika hutakuwa na breki za kulisimamisha. Anza nyuma na miguuni: difu ya inchi 8, spindeli za V8 na breki za diski mbele. Spindeli za V8 zinataka na tairodi zake, usichanganye.

MtuWaPwani_Ohio
Wa alaykum salaam. Hili limenigusa. Nikifanya hivyo sasa, na sita ikiwa bado mle ndani, propela si nitaikata mara mbili?

Mpemba_Toronto
Ndiyo, mara mbili: sasa kwa ajili ya difu, na tena utakapoweka T-5, ile gia boksi ya gia tano, pamoja na 5.0. Hiyo ni gharama ya kweli, sikufichi. Lakini difu na breki hutazinunua tena.

Dada_Difu (Minneapolis)
Chagua difu yenye uwiano wa 3.25. Kwa T-5 mizunguko ya injini itakuwa chini kidogo tu, maana gia ya tano ni 0.68, na kwa sita yenye gia tatu injini haitapiga kelele sana barabara kuu. Ukiweka 3.55 leo, binti atachoka kabla hajafika mjini.

Mzee_wa_Spana (Houston)
Naafiki. Ningeanza upya leo ningepita hapohapo.

MtuWaPwani_Ohio
Basi nimeamua. Sita inafanyiwa oveholi sasa, pamoja na difu ya inchi 8, 3.25, na diski za mbele. 5.0 nitaitafuta taratibu, nikiipata itakaa kwenye stendi hadi T-5 ipatikane. Coyote naiacha, minara niliyoitoa kutu kwa brashi la waya sina moyo wa kuikata.

Jumamosi tunashusha ekseli ya zamani. Binti ameshaosha makopo na kuandika juu yake: kushoto, kulia, difu, breki.