Wauza drili za chaji Kariakoo, hiyo volti 128 mmeitoa wapi?

Wakuu, nimepigwa mchana kweupe.

Nilitaka drili ya chaji yenye nyundo kwa kazi ndogo ndogo za nyumbani: fimbo za mapazia, shelfu ya jikoni, kutundika TV. Nimechoka kumwita fundi kwa matundu manne. Muuzaji kanitolea boksi limeandikwa 128V kwa manjano, herufi kubwa kuliko jina la kampuni. "Bosi, hii inatoboa mpaka jiwe." Laki na thelathini ikanitoka.

Kwenye tofali haikunisumbua. Lakini fimbo ya pazia inakaa juu ya dirisha, na juu ya dirisha ni linta, zege tupu. Dakika kumi, tundu moja, kina hakijafika nusu ya kidole. Drili inalia kama mbuzi wa Idi, biti imekuwa nyeusi, taa za betri zimebaki moja. Mama watoto kakaa kitandani na pazia mapajani, hasemi kitu. Ile kutosema ndiyo iliyoniuma.

Kwa hasira nikafungua betri (msiige, lithiamu haina utani). Nafasi za seli, vile vibetri vidogo vya ndani, ni kumi, zilizowekwa tano! Seli moja ikijaa pomoni ni volti 4.2. Zidisha kwa tano: 21. Ukiwa kazini ni kama 18. Hata kampuni kubwa ya DeWalt huandika 20V Max kwenye drili ambazo Ulaya zinauzwa kama 18V, ila hiyo ni hesabu ya seli tano zikiwa zimejaa, si uganga. Ili ufike 128 unahitaji seli 31 zimepangwa foleni, uzibebe mgongoni kama mpuliza salfa kwenye mikorosho.

Halafu hiyo "nyundo". Ndani ni visahani viwili vya meno vinavyorukiana. Vinagonga mara nyingi sana lakini kidogo kidogo, nguvu yenyewe ni ya bega lako. Ya zege ni drili ya SDS, ile ambayo mkia wa biti una mifereji na ndani bistoni inasukuma hewa ndiyo inagonga. Dukani zote mbili wanaziita "hama", yaani nyundo! Fundi wa jirani kaja na SDS yake, linta ile ile, sijamaliza kushika ngazi tundu limeshapatikana. Akaiangalia yangu: "Hii kazie skrubu za kabati, mzee."

Nikarudi dukani. Jamaa kanionyesha kibao: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI. Nikamwuliza risiti yangu iko wapi. "Si ulikubali mwenyewe nikupunguzie elfu kumi tusitoe risiti?"

Kweli nilikubali. Hapo ndipo nilipokosa la kumjibu, nikaondoka natukana kimoyomoyo.

Mwenye SDS ya chaji ya mtumba, betri nzima, aje PM. Hii ya 128 siuzi, inakoroga rangi.